Morgan Edge, Mnunuzi wa Gazeti: Tajiri Mwovu katika Hadithi za Picha za Superman

Katika majarida ya hadithi za picha ya Marekani wamo maadui wa kila namna: wezi wa benki, wataalamu wa sayansi waliopotoka, wafalme wa sayari za mbali, na viumbe wasio na umbo la mwanadamu. Morgan Edge alipotokea mara ya kwanza hakufanana na hata mmoja katika hao. Alikuwa mtu wa suti na simu, mwenye ofisi ya juu na watumishi wengi. Na sifa yake ya kwanza, kabla msomaji hajamjua kuwa ni mwuaji, ilikuwa ni hii, kwamba amenunua gazeti. Habari hiyo ilichapwa katika toleo la 133 la jarida la Superman's Pal Jimmy Olsen, lenye tarehe ya Oktoba 1970, lililoandikwa na kuchorwa na Jack Kirby. Gazeti lililonunuliwa lilikuwa Daily Planet la mji wa Metropolis, ambamo Clark Kent, yaani Superman mwenyewe katika mavazi ya mtu wa kawaida, alikuwa akipata riziki yake.

Ili kuupima uzito wa ununuzi huo yafaa kukumbuka gazeti lile lilikuwa nini katika hadithi. Superman alipoanza kutokea mwaka 1938, kazini kwake paliitwa Daily Star, jina lililotokana na gazeti la Toronto ambalo mchoraji Joe Shuster, mzaliwa wa mji huo, alilijua tangu utoto. Mwaka 1940 jina likageuzwa kuwa Daily Planet. Mhariri wa kwanza aliyetajwa kwa jina alikuwa George Taylor. Kisha akaja Perry White, ambaye alizaliwa katika michezo ya redio na baadaye akahamia kwenye karatasi. Tangu hapo, kwa muda wa miaka thelathini, msomaji alimjua mhariri, na sauti yake, na hasira zake, na wepesi wake wa kuchapa habari ya kumchukiza mkubwa. Mwenye mali hakuwa na nafasi kubwa katika hadithi. Gazeti lilikuwa kama kisima cha kijiji: kila mtu huteka maji, wala haulizi kisima ni cha nani. Edge ndiye aliyewafanya wasomaji waulize.

Wakati wenyewe ulikuwa wa kuuliza maswali hayo. Mjini New York, ambako majarida haya yalitengenezwa, Herald Tribune lilikoma mwaka 1966, na World Journal Tribune, lililoundwa kwa kuunganisha magazeti yaliyokuwa yakidhoofika, likafa mwaka uliofuata. Watu wengi walikuwa wakipata habari zao jioni kutoka kwenye televisheni. Tena wafanya biashara wakubwa walikuwa wakinunua makampuni yasiyohusiana hata kidogo na kazi zao za asili, wakiyakusanya chini ya paa moja kama mtu akusanyaye mashamba ya minazi ambayo hajawahi kuyatembelea.

Wimbi hilo halikuyapita majarida ya picha. Kampuni ya National Periodical Publications, mwenye haki za Superman, ambayo leo hujulikana kama DC, ilinunuliwa mwaka 1967 na Kinney National, kampuni iliyotajirika kwa nyumba za maziko, viwanja vya kuegesha magari na kazi za kusafisha majumba. Mwaka 1969 Kinney ikanunua pia kampuni ya sinema ya Warner Bros.-Seven Arts, na mwaka 1972 jina la kampuni yote likawa Warner Communications. Mshindani wake, Marvel, aliuzwa mwaka 1968 kwa Perfect Film and Chemical, ambayo jina lake latosha kuonyesha umbali uliokuwapo kati ya biashara hiyo na hadithi za mashujaa. Huko Marvel ndiko Jack Kirby alikokuwa akifanya kazi. Alikuwa mmoja wa wale waliobuni Fantastic Four, Hulk, Thor na X-Men. Mali ikauzwa, mwenye mali akapata fedha, na mchoraji akabaki mfanyakazi wa kulipwa kwa ukurasa. Mwaka 1970 aliondoka, akahamia kwa wenye Superman. Si lazima kudai kwamba Kirby alimchora Edge ili kulipiza kisasi. Inatosha kuona kwamba mtu aliyeleta katika hadithi hizi tajiri anayenunua gazeti pamoja na watu wake alikuwa mtu aliyekwisha kuona kwa macho yake kampuni ikiuzwa pamoja na kazi yake.

Tena kuna jambo moja la uchungu. Kirby alipochora Superman na Jimmy Olsen, wakubwa waliona nyuso zile hazifanani na zile walizozoea wanunuzi. Wakawapa wachoraji wengine, Al Plastino na Murphy Anderson, kazi ya kuzichora upya juu ya zake. Basi katika jarida lile lile lililosimulia jinsi tajiri alivyoingia katika chumba cha habari na kuanza kutoa amri, uso wa shujaa ulikuwa umebadilishwa kwa amri kutoka ofisini. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, nao hawakukosa.

Visa vyenyewe vya Edge katika mikono ya Kirby vyaenda mbio, na mara nyingi vyachekesha kuliko vinavyotisha. Bwana huyu alikuwa mkuu wa Galaxy Broadcasting, shirika la televisheni, na kwa siri alikuwa kiongozi wa genge la wahalifu liitwalo Intergang. Katika kisa cha kwanza anampa kijana Jimmy Olsen gari la ajabu lenye uwezo wa kuruka, anampeleka katika eneo la pori lisilofuata sheria pamoja na vijana wanne wa Newsboy Legion na mwenzao mpya, akisema ni safari ya kutafuta habari. Clark Kent anapouliza maswali mengi kupita kiasi, genge linaagizwa limwue, na gari linatumwa kumgonga njiani. Hapana haja ya kueleza kwamba gari halikufanikiwa. Katika toleo la 134 yabainika kwamba ndani ya gari la vijana umefichwa mzinga wa kulipuka, nao hawajui, wakiupeleka kwa mikono yao wenyewe mahali Edge alipotaka pateketezwe. Mwishoni mwa toleo hilo Edge asimama mbele ya kiwambo cha televisheni kutoa taarifa, na uso unaotokea kiwamboni ni wa bwana wake: Darkseid, mtawala wa sayari ya Apokolips, ambaye hapo ndipo alipoonekana kwa mara ya kwanza kabisa. Adui huyu, ambaye baadaye alikuwa mkubwa kuliko karibu maadui wote wa majarida hayo, aliingia duniani kwa mlango wa ofisi ya tajiri wa televisheni.

Picha hiyo ndogo yafaa kutazamwa kwa makini. Edge ana kila kitu ambacho binadamu aweza kukitamani katika biashara ya habari. Hata hivyo yeye naye anapiga ripoti kwa mwingine. Kirby aliona kwamba mnunuzi wa gazeti ni mtumwa wa nguvu iliyo juu yake, isiyoonekana na msomaji wa gazeti, na kwamba kiwambo kile kile kinacholeta habari majumbani ndicho kinacholeta amri kwa mwenye habari. Jambo hilo lasemwa katika ukurasa mmoja, bila mahubiri.

Upande wa kuchekesha ulifika kilele mwaka 1971, katika toleo la 139 na la 141. Mchekeshaji mashuhuri wa Marekani, Don Rickles, aliingizwa katika hadithi kwa jina lake mwenyewe, pamoja na mtu wa kubuniwa anayefanana naye kama sahani na sahani, Goody Rickels, mfanyakazi wa Galaxy aliyemchosha Edge kwa upumbavu wake mwema. Edge anamtuma Goody pamoja na wengine kwenye mtego ili awaondoe wote kwa mara moja. Goody, Jimmy na mlinzi mmoja wanalishwa chakula kilichotiwa dawa ya kuwachoma kutoka ndani, wapewe muda wa siku moja wa kuishi, nao wanapona. Wako wasomaji wanaoyahesabu matoleo hayo mawili kuwa upuuzi mtupu. Hata hivyo ndani ya upuuzi huo umo ukweli wa kazini: mwajiri anayechoshwa na mtumishi hamkemei wala hamfukuzi, bali humtafutia safari.

Kirby aliacha jarida la Jimmy Olsen baada ya toleo la 148, mwaka 1972, na majarida yake mawili kati ya yale aliyoyabuni mwenyewe juu ya Darkseid yakakatizwa mwaka huo huo. Edge akabaki mikononi mwa waandishi wengine, nao walikuwa na shida kubwa. Katika jarida kuu la Superman, toleo la 233 la Januari 1971, mhariri Julius Schwartz na mwandishi Dennis O'Neil walikuwa wameanza kumgeuza Clark Kent kuwa mwandishi wa televisheni, na aliyempa kazi hiyo ni Morgan Edge. Mabadiliko hayo yaliwapendeza wakubwa, kwa kuwa gazeti la karatasi lilionekana kuwa jambo la kizamani. Lakini mtu hawezi kuwa mwajiri wa kila siku wa shujaa, akamwagiza aende huku na kule katika kila toleo, na papo hapo akawa mwuaji anayetumikia shetani wa sayari nyingine. Ama Edge afungwe, na Clark akose kazi, ama Edge asafishwe.

Akasafishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika jarida la Lois Lane, ilielezwa kwamba mwovu yule hakuwa Morgan Edge hata kidogo. Alikuwa kiumbe aliyekuzwa kutokana na chembechembe za mwili wa Edge katika kiwanda cha siri cha watumishi wa Darkseid, akafanana naye kama pacha, akawekwa mahali pake. Na Edge wa kweli alikuwa amefungwa gerezani kwa siri wakati wote. Pacha akaondoka, na Edge halisi akarudi kitini.

Katika ngano za pwani waziri mwovu hudanganya, hupendelewa, kisha hugunduliwa, na mwisho huadhibiwa mbele ya watu. Hapa waziri aligunduliwa, akaadhibiwa mtu mwingine, na waziri akaendelea kukalia kiti. Hila hiyo ni ya udhaifu, na wasomaji wa majarida haya wameicheka mara nyingi. Ila ina maana kuliko walivyokusudia waliyoitunga. Baada ya usafisho, gazeti halikurudishwa kwa mtu yeyote. Uhalifu wa pacha ulikuwa mabomu, genge, dawa ya moto. Ununuzi haukuwa miongoni mwa makosa. Edge mwema aliendelea kuwa mwenye Galaxy na mwenye Daily Planet, mtu mkali kazini, mwenye kupenda amri na faida, asiye na uhalifu. Na Perry White, aliyekuwa mfalme wa chumba cha habari, akawa mhariri mwenye bwana juu yake. Clark akasoma habari mbele ya kamera za kituo cha WGBS, baadaye pamoja na Lana Lang, na kwa miaka mingi kichekesho cha hadithi kikawa ni namna gani atatoroka kitini pake watu wakimtazama, ili akazuie mafuriko au kimondo. Sinema kubwa ya mwaka 1978 haikujali mambo hayo. Ndani yake Clark ni mtu wa gazeti, Perry White ni mkubwa wake, na Edge hayumo.

Miaka hiyo hiyo swali la mwenye mali lilitoka kwenye karatasi likaingia katika maisha. Jerry Siegel na Joe Shuster walikuwa wameuza haki zao za Superman mwaka 1938 kwa dola 130, wakagawana. Mwaka 1947 walikwenda mahakamani. Mwaka 1948 shauri likamalizwa kwa mapatano, na majina yao yakaondolewa kwenye kurasa. Mwaka 1975, sinema ilipokuwa ikitayarishwa, Siegel alitoa malalamiko yake hadharani, na wachoraji wengine wakamwunga mkono, wakiongozwa na Neal Adams na Jerry Robinson. Mwezi wa Desemba mwaka huo Warner Communications ilikubali kuwalipa wazee hao dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Hapakuwa na pacha wa kulaumiwa. Kampuni haikuvunja sheria. Ilikuwa na karatasi ya mkataba iliyotiwa sahihi. Lililoilazimisha ni aibu, na aibu hiyo ililetwa na magazeti na televisheni.

Mwaka 1986 hadithi yote ya Superman ilianzwa upya na John Byrne. Clark akarudishwa kwenye gazeti. Lex Luthor, aliyekuwa mtaalamu wa sayansi mwenye chuki, akafanywa tajiri mkubwa wa Metropolis, kwa wazo lililotokana na mwandishi Marv Wolfman. Hapo Edge alipatwa na msiba wa namna mpya: nafasi yake ilichukuliwa. Luthor huyu mpya alikuwa na kituo chake cha televisheni, na ilisimuliwa kwamba aliwahi kumiliki hata Daily Planet kabla ya kuliuza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alilinunua tena, akalifunga. Mji mmoja hauwezi kubeba matajiri wawili wa kiasi hicho, na Edge akarudi kuwa mhalifu wa daraja la pili. Safari hii uovu ulikuwa wake mwenyewe. Aliongoza Galaxy mchana na Intergang usiku. Cat Grant, mwandishi aliyetoka Daily Planet na kuingia WGBS, akakusanya habari zake kutoka ndani. Edge akaugua moyo ghafla, baba yake Vincent akashika mambo, na ushahidi wa Cat ukamtia tajiri mikononi mwa sheria. Katika visa vyote vya Edge hiki ndicho kinachostahili sifa kubwa zaidi, kwa sababu aliyemwangusha ni mwandishi wa habari, tena yule aliyedharauliwa kwa kuandika mambo ya sherehe na wakubwa, wala si ngumi za Superman. Lakini hapa pia shtaka lilikuwa la genge.

Wakati huo mwenye majarida alikuwa akizidi kukua. Warner iliungana na Time, kampuni ya magazeti, kwa mapatano ya mwaka 1989; ikaungana na AOL mwaka 2001; ikanunuliwa na AT&T mwaka 2018; ikaungana na Discovery mwaka 2022. Mwaka 2011, hadithi ilipoanzwa upya kwa mara nyingine, Edge alirudi katika toleo la kwanza la George Pérez akiwa na sura mpya, mtu mweusi mwenye kichwa kilichonyolewa, na kazi yake ilikuwa kuunganisha: gazeti na televisheni na intaneti kuwa kitu kimoja. Jengo la kale la Daily Planet limebomolewa, jipya linafunguliwa kwa sherehe, Lois Lane amepewa cheo katika televisheni. Edge huyu haui mtu. Yeye ni mwajiri tu, na kwa hiyo ni mgumu kuliko wote waliomtangulia, maana shujaa hana pa kumshika. Mwaka 2012, katika toleo la 13 lililoandikwa na Scott Lobdell, Clark Kent alisimama katika chumba cha habari akasema kwamba habari zimegeuzwa kuwa burudani, kisha akaacha kazi. Cat Grant akafuatana naye, wakaanzisha habari zao wenyewe katika intaneti. Magazeti halisi ya nchi nyingi yaliandika juu ya kujiuzulu huko kana kwamba mwandishi wa kweli ameacha kazi. Hiyo yaonekana kuwa mara ya kwanza ambapo kosa linaloshtakiwa mbele ya Edge ni umiliki wenyewe na matumizi yake. Na aliyelishtaki ni mtu wa miwani, bila joho.

Katika televisheni Edge amepata mikasa ya haraka haraka. Mwaka 2003 alichezwa na Rutger Hauer katika Smallville, akiwa mkuu wa wahalifu, bila gazeti lolote, jambo linalomfanya awe jina tu. Katika Supergirl, mwaka 2017, alichezwa na Adrian Pasdar, akiwa mjenzi wa majumba anayetaka kuinunua CatCo, kampuni ya habari, ili kuwanyamazisha wanaomwandika vibaya. Alizuiliwa kwa njia iliyo nyepesi na ya kweli: Lena Luthor aliinunua kwanza.

Mwaka 2021 tamthilia ya Superman & Lois ilimrudisha kwenye kazi yake ya asili. Edge, aliyechezwa na Adam Rayner, ameinunua Daily Planet. Wafanyakazi wanapunguzwa, na Clark Kent ni mmoja wao. Lois Lane anaandika habari juu ya Edge, na habari hiyo inabadilishwa kabla ya kuchapwa. Baadaye yafichuliwa kwamba tajiri huyo si mtu wa dunia hii, bali ni Tal-Rho, ndugu wa mama mmoja na Superman, aliyekuja na nia ya kuwafufua watu wa sayari yake katika miili ya binadamu. Hila ya pacha imerudi kwa nguo nyingine, na Superman anapata tena mtu wa kupigana naye. Lois naye ameondoka. Amehamia Smallville, amejiunga na gazeti dogo la mji huo, Smallville Gazette, ambalo mhariri wake Chrissy Beppo alikuwa karibu kuliuza kwa kukosa fedha. Na mwisho wa mfululizo wa kwanza Lois ananunua nusu yake.